Injini Nilizozifungua Jeshini Haziko Kwenye Karatasi

Maswali ya wasomaji kuhusu kazi na vyeti. Anayejibu ni fundi wa ndege mstaafu, mkazi wa Tudor, Mombasa.

SWALI

Shikamoo mzee. Nina miaka 41. Nilitumikia jeshi la anga miaka 15, yote upande wa injini, na miaka 9 ya mwisho nilikuwa Eastleigh kwenye ndege za Y-12. Injini yake, PT6, naijua kama njia ya kwenda kwetu. Sasa nimerudi nyumbani Magongo. Ndege za Port Reitz zapita juu ya bati langu kutwa, na mimi kazi yangu ni kulinda lango la godauni Shimanzi.

Nimeomba kazi kwenye hanga mbili. Kote swali ni moja: leseni iko wapi? Nilipokwenda kuulizia leseni nikaambiwa nilete ushahidi wa uzoefu. Nilicho nacho ni cheti cha kumaliza utumishi kinachosema "fundi wa ndege, tabia njema sana", vyeti viwili vya kozi, na kumbukumbu zilizo kichwani. Daftari langu la kazi lilibaki kambini. Je, naanza upya kama kijana aliyetoka shule jana? Na kama sivyo, niandike nini, nimpe nani?

Mlinzi wa Godauni, Magongo

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole na lango. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nikacheka peke yangu, wala si kwa dharau. Cheti changu mimi nacho kiliandikwa "tabia njema sana". Tabia njema haijapata kukaza nati hata moja.

Kuanza upya, la. Lakini usiende ukiwaambia watu "miaka 15", maana ile miaka hakuna anayeihesabu. Zinazohesabiwa ni kazi, moja moja, kila moja na tarehe yake, na ndege yake, na mtu aliyesimama hapo akaona.

Kwanza ujue kwa nini wanakusumbua, usije ukadhani ni chuki. Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944, ambao ndio mama wa sheria za ndege za kiraia duniani, una kifungu cha 3 kinachosema kwamba mkataba wenyewe ni wa ndege za kiraia tu. Ndege ya jeshi, ya forodha na ya polisi huhesabiwa kuwa ndege ya serikali, na sheria ile haiigusi. Y-12 yako haikuwa na herufi za 5Y ubavuni, zile za ndege za kiraia za Kenya, haikuwa kwenye rejista ya kiraia, na hakuna mkaguzi wa kiraia aliyewahi kufungua vitabu vyake. Basi sahihi yako ilikuwa na nguvu kubwa ndani ya geti la kambi. Ukishavuka geti inakuwa kama tiketi ya kantini: ya kweli, lakini dukani haipokelewi.

Tena kuna uzito wa sahihi yenyewe. Jeshini kazi hubebwa na ngazi. Wewe unafunga, sajenti anakagua, ofisa anaipokea ndege. Uraiani yuko mtu mmoja mwenye leseni, anaandika namba yake chini ya cheti cha kuirudisha ndege kazini, na watalii wanapanda kwenda Mara kwa sahihi ile. Likitokea la kutokea, anayetafutwa ni mwenye namba. Ndiyo maana Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, kabla ya kukupa namba hutaka kujua mikono yako imepita wapi.

Hesabu ya kimataifa si kubwa kama unavyoiogopa. Kiambatisho cha 1 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga wa kiraia, kile cha leseni, kinataka mwombaji awe ametimiza miaka 18 na awe na uzoefu wa miaka 4 wa kukagua, kuhudumia na kutengeneza ndege; au miaka 2, kama alimaliza mafunzo yaliyoidhinishwa na mamlaka. Hicho ndicho kima cha chini, na kila nchi inaweza kuongeza juu yake, kwa hiyo pata kanuni za leseni zinazotumika sasa hivi, uzisome mwenyewe kabla hujalipa ada yoyote. Ila angalia neno "yaliyoidhinishwa". Kozi yako ya jeshini yaweza kuwa ngumu kuliko ya chuo chochote, lakini kama mamlaka ya kiraia haikuiidhinisha, usiitegemee ikupunguzie miaka. Jipange kwa hesabu ya 4. Kwa miaka uliyotumikia, hiyo si shida. Shida ni kuionyesha.

Sasa tuje kwenye kuandika, maana hapa ndipo wengi huzama.

Nimepata kuona barua ya mwenzetu mmoja iliyosema: "Alifanya kazi mbalimbali za injini kwa bidii na uaminifu." Barua nzuri ya kuombea mchumba. Mkaguzi anapoisoma hajui kama huyu alibadilisha injini au alifagia hanga. Mstari anaoutaka yeye ni wa namna hii: tarehe, aina ya ndege na namba ya mkia, aina ya injini na upande, kushoto au kulia, kazi gani hasa, kitabu gani cha matengenezo na sura ya ngapi, ulifanya mwenyewe, ulisaidia, au ulisimamia, jina, cheo na sahihi ya aliyekusimamia. Mfano wako: "PT6A-27, injini ya kushoto. Kutoa nozeli zote 14 za mafuta, kuzipima, kuzirudisha. Ukaguzi wa sehemu ya moto kwa boroskopu (darubini nyembamba ya kuchungulia ndani) kupitia matundu ya nozeli. Injini ikawashwa chini, haikuvuja. Nilifanya mwenyewe chini ya usimamizi wa sajenti fulani." Mtu anayeijua PT6 akisoma pale penye 14 anajua umeiona kwa macho.

Nawe una vingi vya namna hiyo, kaa kitako uvikumbuke. Kuosha kompresa ili kuondoa chumvi, kila ndege iliporudi kutoka pwani. Kukagua kinasa chembe za chuma kwenye oili. Plagi za kuwashia. Brashi za stata-jenereta. Kurekebisha nyaya za kidhibiti cha mafuta hadi vishikio viwili vya nguvu za injini anavyoshika rubani vikae sambamba, kazi ambayo imewatoa watu jasho na matusi. Kuteremsha propela, kuirudisha, kupima mtikisiko. Usiseme "hii ndogo". Ndogo kumi zenye sahihi ni bora kuliko kubwa moja ya hadithi.

Ukishaorodhesha, zipange kwa sura za ATA, ule mpangilio ambao vitabu vya ndege za kiraia hufuata: 24 umeme, 27 usukani wa ndege, 28 mafuta, 32 magurudumu na breki, 61 propela, 72 injini yenyewe, 73 mafuta ya injini, 79 oili, 80 kuwasha. Hata kama kitabu chenu cha kambini hakikupangwa hivyo, wewe panga. Utafaidi mara mbili. Mkaguzi atasoma lugha anayoijua, nawe utayaona mapengo yako kabla hajayaona yeye.

Maana mapengo unayo mwanangu, na afadhali uyasikie kwangu. Jeshi hugawa kazi vipande: huyu injini, yule fremu, yaani mwili wa ndege, yule umeme, yule silaha. Leseni ya kiraia haigawi hivyo. Wazee bado huziita A na C, fremu na injini, na mwajiri wa ndege ndogo humtaka mtu mwenye zote mbili. Miaka 15 ya injini tupu itakubeba upande wa injini. Upande wa fremu itabidi uulizwe: umewahi kugonga ribiti? Umewahi kubadilisha breki? Umewahi kutafuta kutu chini ya sakafu ya kabini? Halafu iangalie ndege yenyewe. Y-12 haikunji miguu, inakaa imeinyoosha safari nzima. Wala kabini yake haijazwi hewa ya mgandamizo. Basi kwenye sura ya 32 usijaze habari za miguu inayokunjwa, kwa sababu yuko atakayekuuliza uliifanya kwenye ndege gani. Kama uliwahi kuazimwa upande wa Dash 8, ambayo miguu yake hukunjwa, hata miezi miwili, hiyo iandike kwa wino mzito.

Na wale wenzako waliokuwa kwenye ndege za kivita za F-5, waambie kazi ya kiti cha kumrusha rubani na ya kutundika makombora haihesabiki huku. Ni kazi ya hatari na ya kuheshimiwa, lakini hakuna Caravan, ile ndege ndogo ya abiria, yenye kiti kile.

Kuhusu daftari lililobaki kambini nitakueleza yaliyonipata mimi, kwani nilipita njia hiyohiyo.

Niliingia jeshini 1983, baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, wakati jeshi la anga lilipokuwa limeondolewa jina lake na kuitwa 82 Air Force. Nilikuwa fundi wa fremu kwenye ndege za mizigo za Buffalo. Jina la Kenya Air Force lilirudi 1994, mimi nikatoka 1995. Basi kozi zangu zote zimeandikwa 82 Air Force, na cheti cha kumaliza kimeandikwa Kenya Air Force. Nikaingia ofisi moja Nairobi, kijana wa kaunta akavipanga vyeti mezani, akaniuliza, "Mzee, hapa ulihama mwajiri?" Nikamweleza. Akanitazama kama mtu anayesimuliwa ngano. Akaniambia nilete barua inayothibitisha kwamba majina yote mawili ni jeshi moja. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikavuta sigara mbili. Leo nasema alikuwa na haki yake. Yeye alikuwa na karatasi mbili zenye majina mawili, historia haikuwa kazi yake.

Daftari langu mimi lilikuwepo, lakini nusu. Miaka minne ya mwanzo ilikuwa kwenye buku la kwanza, na buku la kwanza liliharibikia sandukuni nyumbani, Tudor, kwa unyevu na mchwa. Kurasa zikawa unga. Nikakaa na kalenda za zamani, picha, na kidaftari changu cha posho (mimi niliandika kila safari ya kikazi kwa sababu ya kudai pesa, si kwa sababu ya akili) nikatengeneza orodha ya kazi 31. Kisha nikapanda gari moshi la usiku hadi Nairobi, na matatu hadi Nanyuki, kumtafuta warant ofisa aliyenisimamia. Nikamkuta anakamua ng'ombe.

Yule mzee aliisoma orodha yangu kwa saa nzima, kalamu sikioni. Akatia sahihi mstari kwa mstari. Akafika mistari mitatu akaivuka. Nikamwuliza, afande, hizi vipi? Akasema mwezi ule alikuwa kozini Uingereza, hakuziona. Nikamsihi. Nikamwambia, lakini wajua nilizifanya. Akasema, "Najua uliweza kuzifanya. Kuona sikuona." Nilirudi Mombasa na mistari 28, nimenuna njia nzima.

Siku ya kuhojiwa, mkaguzi akaziona zile tatu zisizo na sahihi, akauliza sababu. Nikamweleza kama ilivyokuwa. Akatikisa kichwa, akageuza ukurasa, na zile 28 hakuniuliza hata moja. Mwombaji aliyenitangulia alikuwa na kurasa nyingi kuliko zangu, zote kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, sahihi zimelala upande mmoja kama mchele ulioanguka. Yeye aliulizwa mstari kwa mstari hadi adhuhuri, akaenda zake.

Kwa hiyo: watafute wasimamizi wako sasa, kabla hawajahama, hawajasahau, wala hawajatangulia mbele ya haki. Kila mmoja atie sahihi alichokiona tu. Aandike cheo alichokuwa nacho wakati ule, kipindi mlichokuwa pamoja, na kama leo ana leseni ya kiraia aandike namba yake, maana sahihi ya mwenye leseni ina uzito zaidi. Ukienda kwa kamishna wa viapo pale karibu na mahakama ukaapa hati kwamba daftari lilibaki kambini, ni sawa, itasaidia kueleza pengo. Lakini hati ya kiapo ni neno lako wewe juu yako wewe. Haitashika nafasi ya mtu aliyeona.

Na kabla ya wasimamizi, andikia kambi. Barua ya heshima, namba yako ya utumishi juu, kupitia ofisi ya kumbukumbu, ukiomba vitu viwili: daftari lako au nakala yake iliyothibitishwa, na barua yenye kichwa rasmi ikitaja aina za ndege ulizofanyia kazi, kuanzia tarehe gani hadi gani, kwa cheo gani, na ruhusa uliyokuwa nayo ya kutia sahihi. Usimpigie rafiki aliye kambini akupigie picha kurasa kwa simu akutumie usiku. Nasema hivi kwa sababu najua umeshawaza. Sheria ya siri za serikali, sura ya 187, haikukoma siku uliyovua magwanda, na rafiki yako bado ana pensheni ya kupoteza. Wakikataa kutaja namba za mikia, mwombe mkuu wa kitengo aandike kazi bila namba na aeleze kwamba zimezuiwa. Mkaguzi anaweza kulielewa hilo. Asichoelewa ni karatasi iliyotoka dirishani.

Lingine, usilisubiri mpaka mwisho: tafuta hanga la kiraia sasa hivi, hata kama msaidizi. Ulaya wameliandika waziwazi. Kanuni yao ya Part-66 inakubali uzoefu wa jeshi ukionekana unalingana, lakini juu yake wanataka uzoefu wa kiraia, na mwongozo wao unasema miezi 12 kwa leseni za B1 na B2, na miezi 6 kwa ile ndogo ya A (hii si ile A ya fremu ya wazee). Hapa kwetu waulize KCAA watakavyokupimia wewe. Hata wasipokutajia mwezi mmoja, mimi ningekwenda, kwa kuwa kuna mambo ambayo jeshi halikukufunza, si kwa kukusudia. Amri za usalama zinazotoka kwa mamlaka ya nchi iliyounda ndege, ambazo lazima zitimizwe kwa tarehe na ziandikwe. Kipuri kisichofungwa bila cheti chake, iwe ni 8130-3 ya Marekani au Form 1 ya Ulaya. Orodha ya hitilafu ambazo ndege yaruhusiwa kuruka nazo, na kwa siku ngapi. Na mwenye ndege anayekupigia simu saa kumi na moja alfajiri akisema wateja wamefika.

Bahati yako ni injini. PT6A-27 ya Y-12 ndiyo hiyohiyo ya Twin Otter ya mfululizo wa 300. Caravan zinazoruka kutoka Port Reitz na Ukunda zina PT6A-114, ndugu yake wa tumbo moja. Mkono wako hautashangaa. Kitakachoshangaa ni roho. Utamshikia tochi kijana wa miaka 25 mwenye leseni, atakwambia "mzee, hiyo spana siyo", na mara nyingine atakuwa na haki. Mshahara wa mwanzo unaweza kuwa chini ya wa lango. Mombasa mahanga ni machache, na ukikosa hapa utalazimika kwenda Wilson, Nairobi, ambako ndege ndogo zimejaa kama matatu za Kongowea. Zungumza na mama watoto kabla ya kuzungumza na mwajiri.

Mitihani hutaiogopa, ila miwili iheshimu: sheria za anga, na ule wa tabia ya binadamu kazini. Wanajeshi huudharau huu wa pili wakiuona ni porojo. Soma habari ya ndege ya British Airways ya tarehe 10 Juni 1990, BAC 1-11 iliyotoka Birmingham. Kioo cha rubani kiling'oka angani, naye akavutwa nusu ya mwili nje. Wenzake wakamshika miguu hadi ndege ikatua Southampton, akapona. Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa muda mfupi kabla ya safari, kwa zamu ya usiku. Kati ya bolti 90, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, kwa sababu fundi alizilinganisha na za zamani kwa macho badala ya kufungua kitabu cha vipuri. Fundi mzoefu, mwenye sifa, kama wewe. Ndiyo maana kwenye ule mstari wako nikakwambia uandike kitabu gani na sura ya ngapi.

SWALI

Nimesikia kuna leseni ya EASA ambayo ukiwa nayo unafanya kazi Dubai. Na nimesikia EASA iko Embakasi. Nauli ya SGR si mbali, naweza kwenda kujiandikisha Jumatatu?

Kijana wa Mikindani

JIBU

Jumatatu pumzika kwanza. Hizo ni EASA mbili. Ya Embakasi ni East African School of Aviation, chuo kilichoanza 1954, kiko chini ya KCAA, na ni chuo kizuri cha kusomea. Nyingine ni mamlaka ya usalama wa anga ya Umoja wa Ulaya, makao yake Cologne, Ujerumani, na hiyo ndiyo yenye kanuni za leseni unazozisikia. Cheti cha Embakasi si leseni ya Cologne. Nimeona tangazo la kazi likamkosesha mtu usingizi wiki nzima kwa herufi hizo nne.

SWALI

Mzee, mimi nilikuwa fundi wa helikopta jeshini na sasa ndugu yangu yuko Marekani, ananiambia kule ni rahisi, hawahitaji miaka minne. Ni kweli?

Bwana Mkaa Likoni

JIBU

Miaka, kweli, ni pungufu. Kanuni yao inataka miezi 18 ya uzoefu kwa fremu peke yake au injini peke yake, na miezi 30 kwa zote mbili pamoja. Uwe na miaka 18, ujue Kiingereza cha kusoma, kuandika na kuzungumza. Uzoefu wa jeshi wanautazama. Lakini karatasi ni zilezile: nani aliona, ulifanya nini, lini. Ukisha kukubaliwa kuna mitihani ya kuandika, ya mdomo na ya vitendo. Tena leseni yao ni ya kutia sahihi ndege zao. Ukirudi nayo Likoni, 5Y haiijui mpaka KCAA iseme. Kwa helikopta kumbuka kuandika kazi za rota na gia zake peke yake, usizichanganye na fremu. MD500 na Puma ni shule mbili tofauti na mkaguzi atataka kujua ulisoma ipi.

SWALI

Asalaam aleikum. Mume wangu bado yuko jeshini, fundi wa umeme wa ndege, amebakiza miaka miwili. Yeye hajali makaratasi, kila akija likizo anayatupa kitandani, mimi ndiye ninayeyaokota. Nyumba yetu Mtongwe ina unyevu hadi chumvi yashika kuta. Nihifadhi nini, na vipi? Nimefikiria kuvipeleka vyote vikalaminishwe mjini.

Mke wa Fundi, Mtongwe

JIBU

Waaleikum salaam mwanangu. Mume wako ana bahati ambayo mimi sikuwa nayo.

Usilaminishe. Cheti kilicholaminishwa hakiwezi kugongwa muhuri wala kuandikwa nyuma, na mtu wa ofisi akitaka kupapasa muhuri uliobonyezwa anapapasa plastiki. Peleka fotokopi zikathibitishwe, asili ibaki kama ilivyo.

Weka vya kozi vyote, hata vya siku mbili, na mtaala wa kozi kama upo, maana mtaala huonyesha saa ngapi alisoma nini. Weka barua za kupandishwa cheo, za kuhamishwa, na za kuruhusiwa kutia sahihi. Barua ya uhamisho huidharau kila mtu, kumbe ndiyo inayothibitisha alikuwa kambi gani mwezi gani. Vitabu vya ndege na chochote chenye alama ya siri kisilale nyumbani kwako hata usiku mmoja. Kama kimo kitandani, arudi nacho.

Naye akija likizo ijayo, kabla hujampakulia, mpe daftari lenye jalada gumu. Aandike kazi zake alizoruhusiwa kuziandika, kwa namna niliyomweleza yule mlinzi hapo juu, na akirudi kambini msimamizi wake atie sahihi kila mwisho wa mwezi wangali wote wawili kazini. Miaka miwili ni miezi 24. Kwa fundi wa umeme atajaza sura ya 24 upesi. Mwambie asiache 33 ya taa, wala 31 na 34 za vyombo vya rubani, akipata nafasi ya kuzigusa.

Kuhusu unyevu, mimi sasa natumia debe la biskuti lenye kifuniko cha kubana, ndani karatasi ziko kwenye mifuko ya nailoni, chini nimeweka kitambaa chenye mchele mkavu. Mchele huubadilisha kila mwezi ukiona umelainika. Debe lisikae chini ya kitanda. Lipandishe juu ya kabati, mbali na ukuta.